Dereva Aliyejifunza Kuoka

Watu wa mtaa ule wa Katesh hawakuhitaji saa kujua kwamba Nikolausi amerudi nyumbani. Lori lake lilipiga honi mbili fupi kwenye kona, kisha moja ndefu mbele ya nyumba. Watoto wake wawili walitoka mbio. Alex alikuwa na miaka tisa. Glory alikuwa kidato cha tatu.

"Shikamoo baba," walisema pamoja.

"Marahaba. Leo kuna nini jikoni?"

"Makande," alisema Alex. "Mama amesema usipochelewa utayakuta ya moto."

Nikolausi Akonaay alikuwa na miaka arobaini na tano. Alianza kuendesha malori akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu. Alibeba ngano kutoka mashamba ya Hanang. Alibeba vitunguu, mbao na saruji. Hakuwahi kupata ajali. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alivua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Mke wake, Restituta, alishona nguo kwa cherehani barazani. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala na njaa, na watoto walikwenda shule.

Jioni ile, Nikolausi alipokuwa ananawa, Restituta aliona alama nyeusi kwenye bega lake.

"Umegonga wapi?"

"Mlangoni."

"Wiki iliyopita pia ulisema mlangoni."

"Mlango ni uleule," alisema Nikolausi. Alex akacheka.

Restituta hakucheka. Alianza kumwangalia mume wake kwa makini. Michubuko yote ilikuwa upande wa kushoto. Akimwekea kikombe upande wa kulia, Nikolausi alikichukua vizuri. Akimwekea upande wa kushoto, alikigonga kwa mkono na chai ikamwagika.

"Baba Glory, macho yako yanaona vizuri?"

"Naona mpaka kileleni kule mlimani."

Hilo lilikuwa kweli. Aliona Mlima Hanang na mawingu yake. Hakuona kikombe.

Nikolausi mwenyewe alijua kwamba kuna shida. Alikuwa amejua kwa miezi minne. Hakumwambia mke wake. Hakumwambia tajiri yake, Mzee Marko, mwenye lori. Alimwambia Mungu peke yake. Alisali novena, sala ya siku tisa, kwa siri, akamaliza, akaanza tena. Alisema moyoni, "Mungu akiniponya, hakuna atakayejua."

Hakupona. Siku moja ya Ijumaa alikuwa anatoka Basotu na mzigo wa ngano. Barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Ghafla alisikia kitu kimegonga kioo cha pembeni, upande wa kushoto. Alifunga breki. Alishuka na kuzunguka lori.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara. Alikuwa mfugaji, mrefu, amevaa shuka jekundu. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanakula majani. Mkono wake ulikuwa bado umeinuka kama umeshika fimbo, lakini fimbo haikuwepo. Kioo cha lori kilikuwa kimeipiga. Ilikuwa chini, imevunjika vipande viwili.

"Shikamoo mzee," alisema Nikolausi.

"Marahaba. Ulikuwa umelala?"

"Hapana, mzee. Sikukuona."

Mzee huyo, ambaye jina lake lilikuwa Gidamis, alimtazama Nikolausi machoni.

"Mimi mrefu," alisema. "Shuka langu jekundu. Ng'ombe wangu hapa ni ishirini. Hukuona hata mmoja?"

"Sikuona, mzee. Nisamehe."

Mzee Gidamis aliinama akaokota vipande vya fimbo. Hakukasirika. Alisema polepole, "Fimbo nitachonga nyingine. Mtu hachongwi. Wewe nenda kwa daktari wa macho."

Nikolausi hakurudi kwenye usukani siku ile. Alimpigia simu dereva mwenzake, Vicent, aje kulichukua lori. Wakati anamsubiri alikaa kivulini mwa lori na mzee Gidamis, wakazungumza habari za malisho na mvua mpaka Vicent alipofika.

Nyumbani alimwambia Restituta kila kitu. Restituta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunga kanga na kwenda nyumba ya pili kumwita Kornelia.

Kornelia alikuwa jirani yao na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kazi yake ilikuwa kusaidia watu wanaotaka kuanza shughuli mpya, vikundi vya akina mama, na familia zenye matatizo. Alizijua ofisi nyingi na alijua nani anahusika na nini. Alipenda kucheka, lakini siku ile hakucheka.

"Baba Glory, umesali miezi minne?"

"Ndiyo."

"Ni vizuri. Mimi pia nasali. Lakini ulimwomba Mungu akuponye, huku daktari unamficha jicho. Sasa Mungu akusaidie kupitia kwa nani? Kesho uende hospitali. Mama Glory, mpeleke wewe mwenyewe, maana huyu akienda peke yake atarudi na dawa ya kichwa."

Wakaenda. Daktari wa macho aliitwa Benedict. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi sana. Alimpima Nikolausi kwa mashine moja, kisha nyingine. Alimwambia atazame mbele tu, kisha aseme kila anapoona nukta ya mwanga pembeni. Nikolausi alitazama mbele. Muda ukapita.

"Mbona hamjaanza?" aliuliza.

"Tulianza zamani," alisema daktari. "Nukta zimepita nyingi."

Daktari akaketi nao na kueleza. "Ugonjwa huu watu wanauita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji. Presha yake ikizidi, inaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi hauumi. Unaanza kula pembeni, polepole. Mbele mtu anaona vizuri, kwa hiyo anadhani ni mzima. Jicho lako la kushoto limeharibika sana. La kulia limeanza kidogo."

"Utaniponya?"

"Sitakudanganya. Kilichopotea hakirudi. Lakini kilichobaki tunaweza kukilinda. Utatumia matone haya kila siku, maisha yako yote, hata siku unayojisikia vizuri. Na utarudi kupimwa kila tutakapokupangia."

"Na lori?"

"Lori hapana," alisema daktari. "Na kitu kingine. Ugonjwa huu unaweza kutembea kwenye ukoo. Wazazi wako na ndugu zako wapimwe. Mtu yeyote akishafika miaka arobaini ni vizuri apimwe, hata kama haumwi."

Nikolausi alimfikiria mama yake, Bibi Genoveva, aliyekuwa anaishi Endagikot karibu na mji wa Mbulu. Mama alijivunia sana mtoto wake dereva. Aliwatajia watu wote. Nikolausi akasema moyoni kwamba atamweleza siku nyingine.

Kesho yake alimpelekea Mzee Marko ufunguo wa lori. Aliuweka mezani kwa mikono miwili. Mzee Marko aliushika, akaugeuza mkononi.

"Wengine wangeficha," alisema.

"Nilificha," alisema Nikolausi. "Karibu niue mtu."

Basi akawa hana kazi.

Wiki ya kwanza alitengeneza kila kitu kilichoharibika nyumbani. Alitengeneza banda la kuku, bawaba za mlango, na kiti cha Restituta cha cherehani. Wiki ya pili hakukuwa na kitu cha kutengeneza. Alikaa barazani. Lori likipita barabarani, alilijua kwa mlio wake na kulitaja. Restituta alishona mpaka vidole vikauma.

Marafiki walikuja na ushauri mwingi. Mmoja alisema aende machimboni kutafuta dhahabu. Mwingine alisema auze kondoo wake wote anunue pikipiki, ampe kijana aiendeshe. Nikolausi aliwajibu wote jibu moja.

"Mungu atafungua mlango."

Siku moja Glory alirudi kutoka shuleni akakaa karibu na baba yake. Alikuwa amefikiri kwa siku nyingi jinsi ya kusema.

"Baba, kuna duka pale stendi. Wanatafuta msichana wa kuuza. Naweza kwenda. Shule nitaendelea baadaye, mambo yakiwa mazuri."

Nikolausi alimtazama binti yake. Alikuwa anazungumza kama mtu mzima, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la sketi ya shule.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimeona mama anachoka."

"Huendi dukani," alisema Nikolausi. "Utakwenda shule kesho, na kesho kutwa. Mimi ndiye nitakayetafuta kazi."

Hakulala vizuri siku hiyo. Asubuhi alimfuata Kornelia kabla hajaenda ofisini.

"Dada Kornelia, nimesema Mungu atafungua mlango. Nimesubiri. Sijaona."

"Labda upo wazi, ila wewe umekaa barazani," alisema Kornelia. Sasa alicheka. "Ingia. Tunywe chai, nikuulize maswali matatu. La kwanza, unajua nini?"

"Najua barabara. Basi."

"Miaka ishirini na mbili ulikuwa unabeba nini?"

"Ngano, zaidi."

"Unajua nini kuhusu ngano?"

Nikolausi alifikiri. "Nikiishika mkononi najua kama imekauka au bado. Nikiitafuna najua kama ina nguvu. Najua nani analima nzuri na nani anachanganya na takataka. Najua mashine ipi inasaga vizuri."

"Na ulisema unajua barabara tu. Swali la pili. Watu wa hapa wanahitaji nini ambacho hakipatikani vizuri?"

Nikolausi alinywa chai. Mezani kulikuwa na mkate wa dukani. Aliushika. Ulikuwa mkavu, ukavunjika vipande.

"Mkate huu umetoka mbali," alisema. "Najua. Nimewahi kubeba kreti zake. Unaokwa huko, unasafiri, unalala dukani. Ngano yetu inaondoka hapa kwa lori, halafu inarudi ikiwa mkate mkavu."

Aliurudisha mkate mezani, akautazama. Kornelia alimwongezea chai. Alimwacha asikie maneno yake mwenyewe.

"Mimi nioke mikate?" aliuliza Nikolausi.

"Hilo umesema wewe. Swali la tatu. Nani atakufundisha? Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wananunua vifaa kwanza, kujifunza baadaye. Wewe jifunze kwanza. Babati kuna chuo cha ufundi. Kina kozi fupi ya kuoka, miezi mitatu."

"Mimi ni darasa la saba. Na nina miaka arobaini na tano."

"Nitauliza chuoni, lakini nijuavyo mimi, kwenye kozi hizi wanataka mtu anayejua kusoma na kuandika, na anayetaka kujifunza. Kuhusu umri, hamira haiulizi miaka."

Jioni Nikolausi alizungumza na Restituta. Hawakuamua haraka. Walihesabu kazi za nyumbani, nani atafanya nini. Glory atachota maji asubuhi. Alex atalisha kuku na kufagia. Vicent, ambaye mke wake alikuwa anashonewa nguo na Restituta, atawaletea kuni. Kondoo watatu watauzwa kwa ajili ya chuo, na wengine watabaki. Kisha wote wanne wakasali. Safari hii Nikolausi hakusali kwa siri. Alisema kwa sauti, "Bwana, nipe akili ya kujifunza." Alex akaongeza, "Na mikate iwe mitamu."

Alhamisi jumuiya ndogo ndogo ya kanisa ilikutana nyumbani kwao kusali. Habari ilikuwa imeshafika. Mzee mmoja aliyeitwa Nikodemu aliuliza, "Ni kweli unakwenda kujifunza kukanda unga? Mwanaume mzima na ndevu zake?"

"Ni kweli," alisema Nikolausi. "Ndevu nitazifunika."

Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Baada ya hapo hakuna aliyemcheka tena.

Babati alikaa kwa binamu yake. Siku ya kwanza alipotea njia, akafika darasani amechelewa. Wanafunzi kumi na moja walikuwa wameketi. Wengi walikuwa na umri wa Glory au zaidi kidogo. Mwalimu wao aliitwa Marieta. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisimama kwa heshima Nikolausi alipoingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu."

"Umechelewa dakika kumi. Vua saa, nawa mikono mpaka kwenye viwiko, vaa aproni. Sisi tumeshaanza."

Hivyo ndivyo Mwalimu Marieta alivyokuwa siku zote. Alimsalimia shikamoo kila asubuhi, kisha akamgombeza. Nikolausi alimpenda kwa mambo yote mawili.

Kuandika kulikuwa kugumu. Vipimo vilimchanganya. Kila Jumamosi alirudi Katesh, na Glory alikaa naye mezani. "Baba, unga ukiwa kilo mbili badala ya moja, kila kitu unazidisha kwa mbili. Chumvi pia. Hamira pia." Alimwandikia kwenye daftari kwa herufi kubwa. Alipaka namba muhimu rangi nyekundu ili jicho la baba lisisumbuke. Kila siku, asubuhi na jioni, Nikolausi aliweka matone yake. Siku alizokuwa nyumbani, Alex aliwekwa kuwa msimamizi wa matone, na hakuruhusu utani.

Mkate wake wa kwanza ulikuwa mgumu kama tofali. Wanafunzi wenzake waliugonga mezani kusikia mlio. Wa pili ulikuwa mbichi katikati. Wiki ya tano alitoa mkate wa rangi ya kahawia, mwepesi, wenye harufu nzuri. Mwalimu Marieta aliugonga chini kwa kidole, akasikiliza.

"Huu ni mkate," alisema, akaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Nikolausi alisimama pale akautazama mkate wake. Alijisikia kama siku ile aliyopata leseni yake ya kwanza ya udereva.

Aliporudi Katesh na cheti chake, Kornelia alimwonyesha njia. Kwanza, Nikolausi na Restituta walikwenda kupimwa afya, kwa sababu mtu anayeandaa chakula cha kuuza anapaswa kupimwa. Kisha Bwana Afya alikuja kuangalia mahali pa kuokea. Alitaka ukuta upakwe chokaa, maji ya kunawa yawepo karibu, na unga uwekwe juu ya mbao, usiguse sakafu. Kisha wakaenda halmashauri, wakapata leseni ya biashara.

"Nijenge tanuri kubwa?" aliuliza Nikolausi.

"Dogo," alisema Kornelia. "Kubwa litakuja likiitwa na wateja."

Fundi Pascal alijenga tanuri la matofali ya kuchoma uani. Lilitosha mikate ishirini. Siku ya kwanza Nikolausi aliamka na jogoo. Alikanda unga kama alivyofundishwa. Aliufunika akasubiri uumuke. Alisubiri saa moja. Saa mbili. Donge lilikaa vilevile, kama mtoto aliyegoma kuamka. Alioka hivyohivyo. Mikate ilitoka midogo na mizito. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu vilevile. Kuku walikula vizuri sana wiki ile.

Siku ya nne asubuhi Restituta alimkuta amepiga magoti jikoni, mbele ya beseni la unga. Alimsubiri mpaka alipofanya ishara ya msalaba.

"Umemaliza kusali?"

"Nimemaliza."

"Vizuri. Sasa mpigie simu mwalimu wako."

"Naona aibu. Amenifundisha miezi mitatu."

"Macho ulificha kwa aibu hiyohiyo," alisema Restituta, akampa simu.

Nikolausi akapiga.

"Shikamoo baba," alisema Mwalimu Marieta. "Mikate inasemaje?"

Nikolausi alimweleza. Mwalimu alimuuliza maswali machache. Kisha akauliza, "Huko Katesh sasa hivi kuna hali gani?"

"Baridi. Ni mwezi wa saba. Nimevaa koti na sweta."

"Wewe umevaa koti. Unga wako umevaa nini?"

Nikolausi alilitazama beseni.

"Baba, Babati ni joto kuliko huko juu. Hapa donge linaumuka kwa saa moja. Huko, kwa baridi hiyo, hamira inalala. Usiizidishe, ipe joto tu. Tumia maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yakiwa ya moto sana unaiua. Washa tanuri mapema, weka beseni karibu nalo, funika kwa blanketi safi. Halafu usiangalie saa. Angalia donge. Likiwa mara mbili ya mwanzo, limekuwa tayari. Na ulipoona halijaumuka siku ya kwanza, ulipaswa kunipigia siku ileile."

"Ndiyo mwalimu."

Wakafanya hivyo. Glory alitoa blanketi lake, likafuliwa na kuanikwa. Jumamosi asubuhi Alex alikaa karibu na beseni kama anayelinda mgonjwa. Baada ya muda alimwita baba yake kwa sauti ndogo.

"Baba, blanketi linapanda."

Familia nzima ilikuja kuangalia. Donge lilikuwa limejaa beseni na kuinua blanketi katikati. Nikolausi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alitoa makaa kwenye tanuri na kulifagia. Alirusha unga kidogo ndani kupima joto. Unga ukiwa mweusi mara moja, tanuri ni kali mno. Unga ule ulikuwa wa kahawia. Akaingiza mikate.

Harufu ilitoka uani, ikavuka uzio, ikaingia barabarani. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mzee Nikodemu.

"Nimekuja kuona ndevu," alisema. Akaondoka na mikate miwili.

Mikate ishirini iliisha kabla ya saa tatu. Wiki iliyofuata Nikolausi alioka mara mbili kwa siku. Siku za mnada alioka na skonzi, kwa sababu watu wa mnadani wanapenda kitu cha kula wakiwa wamesimama. Madereva wenzake walisimamisha malori mbele ya nyumba kununua mkate wa safari. Maduka matatu ya Katesh yalitaka mikate yake kila asubuhi, na alijua maduka yapi yanauza haraka, maana aliyapelekea mizigo kwa miaka mingi. Ngano alinunua kwa wakulima anaowafahamu. Aliishika mkononi, akaitafuna, akasema ndiyo au hapana.

Restituta alipunguza kushona. Mchana alipata muda wa kupumzika, jambo alilolisahau. Mwaka mpya ulipoanza, Glory aliingia kidato cha nne. Mwalimu wake wa hesabu alisema anafundisha wenzake vipimo vizuri sana. Glory hakumweleza alikojifunzia kufundisha.

Lakini mama yake Nikolausi alikuwa bado hajaambiwa. Alijua tu kwamba mtoto wake "yuko kazini". Nikolausi alikumbuka maneno ya daktari kuhusu ukoo. Mwezi wa kwanza alifunga mkate mmoja mkubwa kwenye kitambaa, akapanda basi la Mbulu. Alikaa dirishani upande wa kulia. Miaka yote aliyoendesha alitazama barabara tu. Sasa alitazama mashamba ya vitunguu saumu, mabonde, na nyumba zilizokaa juu ya vilima. Alishangaa jinsi nchi ilivyo nzuri.

Bibi Genoveva alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lori umeliacha wapi?"

"Nimekuja kwa basi."

Mama alimwangalia usoni. "Ingia. Nitaweka chai. Utaniambia."

Nikolausi alimwambia yote, tangu jicho mpaka tanuri. Alizungumza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mama alikuwa bado anakoroga chai.

"Ulidhani nitalia?"

"Ulijivunia mtoto dereva, mama."

"Nilijivunia mtoto. Lori si langu," alisema Bibi Genoveva. "Unakumbuka marehemu baba yako alikuwa fundi wa kuezeka bati? Alianza ana miaka arobaini na moja. Kabla ya hapo alikuwa mchunga mifugo tu. Siku ya kwanza alianguka kutoka juu."

"Sikujua. Aliumia?"

"Hapana. Aliangukia mbuzi wa jirani. Mbuzi naye hakuumia, ila hakurudi tena upande ule."

Wakacheka wote wawili. Kisha Nikolausi akasema, "Mama, daktari amesema na wewe upimwe macho. Ndiyo sababu nimekuja. Kesho nitakupeleka hospitali mjini."

"Tutakwenda. Ila mkate huo utaukumbatia mpaka lini?"

Nikolausi alifungua kitambaa. Bibi Genoveva alifunga macho, akamshukuru Mungu kwa maneno machache, akakata kipande kinene. Alitafuna polepole. Nikolausi alisubiri kama alivyomsubiri Mwalimu Marieta.

"Chumvi ongeza kidogo," alisema mama. Akakata kipande cha pili. Akaita majirani wawili waliokuwa wanapita. "Njooni muonje. Huyu ni mtoto wangu, ni mwokaji wa mikate kule Katesh."

Majirani waliingia, wakasalimiana, wakaketi. Mkate ule Nikolausi aliuoka utoshe siku mbili. Uliisha kabla chai haijapoa.